Imla Pasi na Fimbo

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa madrasa, Buyenzi, Bujumbura, na kuchapwa humu kwa ombi la waliohudhuria



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema na amani Mtume wake, nawashukuru ninyi mlioacha kazi zenu mkaja kusikiliza habari za watoto. Nimetakiwa niseme juu ya njia za kuwazoeza watoto kuandika maneno sawasawa, jambo ambalo wazee wetu walilijua kwa jina la imla na ambalo vitabu vya siku hizi huliita tahajia. Tena niseme jinsi ya kuwaongezea akiba ya maneno, yaani msamiati. Nitayasema yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa hayatengani, na nitadai mbele yenu kwamba yote mawili hufundishika kwa mchezo kuliko kwa ukali.

Huenda mzee mmoja akasema moyoni, "Mchezo tena! Watoto hawa wamekosa nini ila adabu?" Namwomba anistahamilie, na achukue daftari la mtoto aliyezoea kupigwa, au kuchekwa mbele ya wenzake, kila akoseapo imla. Akiisoma insha yake ataona makosa machache sana, na pengine atafurahi. Lakini aisome mara ya pili. Ataona kila kitu ni "kizuri": nguo nzuri, nyumba nzuri, chakula kizuri, siku nzuri. Kila mtu "alikwenda" na kila mtu "alisema". Hapana aliyenong'ona, hapana aliyeghadhibika, hapana kanzu maridadi wala safari yenye dhiki. Je, mtoto huyu hayajui maneno hayo? Ayajua, ayasikia kwa mama yake kila siku. Ila hana hakika kama "dhiki" huandikwa kwa dh au kwa z, na kwa kuiogopa fimbo ameliacha neno lilale, akachukua lililo jepesi. Miaka ikipita hivyo, neno asiloliandika hatalisema, na asilolisema hatamrithisha mwanawe. Hii ndiyo hasara niionayo mimi, nayo ni kubwa kuliko alama mbovu katika karatasi ya mtihani. Kwangu mimi mtoto aliyekosea maneno kumi magumu ni mbele ya yule aliyepatia kumi mepesi.

Sasa tutazame mji wetu. Mtoto wa Buyenzi huamka kwa Kiswahili, akaenda shule akakuta Kirundi na Kifaransa, akafundishwa na Kiingereza kidogo, na alasiri akakaa juu ya mkeka wa madrasa mbele ya herufi za Kiarabu. Ni neema kubwa, walakini neema hii ina taabu yake, maana herufi ile ile humwambia mambo mbalimbali kwa kadiri ya lugha. "Ch" yetu ni ya chai, na ya Kifaransa hutamkwa kama sh. Sauti yetu ya "u" Mfaransa huiandika "ou". Basi twaona watoto waandikao "choukrani" kwa kutaka "shukrani", na "tchai" kwa kutaka "chai". Nao si wajinga, bali wamechukua ufunguo wa mlango mmoja wakautia katika mlango mwingine. Hata majina yetu ni ushahidi. Yule ambaye katika karatasi za serikali ni Moussa, nyumbani ni Musa. Aïcha ni Aisha. Youssouf ni Yusufu. Hapa pana mchezo wa kwanza, nao hauna gharama yo yote: mwambieni mtoto aandike majina ya jamaa zake kwa njia zote mbili, Kifaransa upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia, kisha aeleze mwenyewe ni herufi gani imegeuka na kwa nini. Watoto hulipenda jambo hili kwa sababu mtu hupenda jina lake; na akiisha kuikuta kanuni kwa mkono wake mwenyewe hataisahau upesi.

Kirundi nacho kina jambo lake. Hakitenganishi r na l kama Kiswahili kitenganishavyo, wala hakina sauti za dh, th na gh. Kwa hiyo tusistaajabu mtoto akisema "azana" na "selasini" na "gali". Kwa r na l dawa ni kicheko. Chukueni maneno mawili mawili yatofautianayo kwa herufi hizo tu: kalamu na karamu, fahali na fahari, mahali na mahari, kula na kura. Mtoto achore picha ya kila neno katika kipande cha karatasi: hapa kalamu, pale sinia ya wali na watu wameizunguka. Mkubwa aseme, "Mwalimu ameniazima karamu yake," na watoto wanyanyue picha ya kile kilichosemwa, si cha kile kilichokusudiwa. Watacheka sana kuona sinia ya wali ikitiwa wino. Kadhalika kwa irabu mbili mbili: aandikaye katika barua kwamba mbuzi wa akika "amefaa" atawafurahisha wageni, na aandikaye kwamba "amefa" ataletewa rambirambi.

Ama kwa dh, th na gh, ufunguo tunao sisi wenyewe, na nastaajabu kwamba tumeuacha mkekani. Mtoto wetu akiwa mbele ya mwalimu wa Kurani huzitamka dhali, tha na ghaini kwa uzuri kabisa, maana hapati kupita pasipo kuzitamka. Akitoka nje, saa ile ile, asema "zahabu". Laiti angeambiwa kwamba dhahabu na adhana zimetoka kwenye dhali. Kwamba thawabu, thelathini na hadithi zimetoka kwenye tha. Kwamba ghali, lugha na magharibi zimetoka kwenye ghaini! Mwalimu na aandike herufi tatu ubaoni, akisoma maneno moja moja, na watoto wakimbilie herufi ambayo neno limetokea. Nitatia neno la hadhari hapa. Dh ya Kiswahili imezibeba herufi tatu za Kiarabu: dhali kama katika dhahabu, dhadi kama katika fedha na Ramadhani, na dha kama katika adhuhuri na nadhifu. Watoto wadogo waridhike kujua kwamba zote tatu, zikifika kwetu, huandikwa dh. Wakubwa ndio wapewe kazi ya kuzitenga. Na zile za z, kama lazima na zaidi, zibaki kwenye z yake, wasije wakaona raha ya dh wakaitia kila mahali. Yuko mtoto ambaye baada ya somo kama hili huandika "dhawadi". Huyo msimkemee, amezidisha bidii tu.

Nimefika katika michezo yetu wenyewe, ambayo twaisahau kwa kudhani kwamba mafunzo ni lazima yatoke katika kitabu. Watoto wa Waswahili tangu zamani wana mchezo wa kusema kinyume, ambao huchukua silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mbele, ili wakubwa wasielewe. Paka huwa kapa, meza huwa zame, kalamu huwa mukala. Mchezo huu si wa jana, kwa kuwa Edward Steere, aliyekuwa Askofu wa Unguja katika karne ya 19, alikwisha kuuandika katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Sisi tuliucheza kwa kuficha siri za maembe. Lakini tazameni kazi ufanyayo: mtoto hawezi kusema kinyume pasipo kulikata neno katika silabi zake, na aliyejua kulikata neno amekwisha kujua nusu ya kuliandika. Hata ile "m" isumbuayo watoto hufafanuka. Mtoto akipinduliwa huwa tomto, maana "m" yake ni silabi peke yake. Mbuzi huwa zimbu, maana "m" yake imeshikamana na "bu". Asiyeweza kinyume na apige makofi: m-to-to, makofi matatu; mbu-zi, mawili. Mwalimu wa darasa la kwanza akiwa na makofi tu, na hana hata chaki, anaweza kufanya kazi ya wiki nzima.

Mchezo niupendao kuliko yote ni mnyororo. Mmoja husema neno, na wa pili hulianza neno lake kwa silabi iliyoishia ya kwanza. Paka, kalamu, mundu, ndugu, gunia, adhana, nanasi, siagi, giza, zabibu, bunduki, kisima, maji, jiko, kofia. Kiswahili kana kwamba kiliumbwa kwa mchezo huu, kwa sababu maneno yetu huishia kwa irabu, na silabi ya mwisho hujitokeza wazi. Jaribuni kwa Kifaransa, ambacho herufi zake za mwisho mara nyingi huandikwa na hazitamkwi, mtaona taabu. Sheria ziwe tatu. Kila neno liandikwe na yule alisemaye, papo hapo, juu ya ubao au juu ya mchanga wa uani. Akiulizwa maana yake, aiseme au alitie katika sentensi. Na asiyepata neno asitolewe nje ya mchezo. Hii ya tatu naishikilia sana. Desturi ya kumtoa akoseaye huwaacha wawili hodari wakicheza na ishirini wakitazama, na hao ishirini ndio waliokuwa na haja ya mazoezi. Akwamaye asaidiwe na mwenzake, kisha aliandike yeye.

Mchezo huu ukichezwa nyumbani mtaona jambo jingine. Silabi ya "u" ikimfikia bibi ambaye hajui kusoma herufi za Kizungu, atasema "upawa", na mjukuu atauliza, "Upawa ni nini, bibi?" Hapo mwanafunzi amekuwa karani na bibi amekuwa kamusi, na kila mmoja ana heshima yake. Maneno ya jikoni, ya ushonaji, ya useremala, ya uvuvi wa ziwani kwetu Tanganyika, hayamo katika vitabu vya darasani. Yamo vichwani mwa watu waliokaa kando wakidhani kwamba masomo si yao. Wakibishana juu ya maana, ndipo watafute kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekuwapo tangu mwaka 1981, na ingefaa chama chetu kiwe na nakala moja hapa madrasa, iliyofungwa kwa uzi mezani isije ikatembea.

Vitendawili sina haja ya kuvisema sana, kwa kuwa kila mmoja wenu amejibu "Tega!" katika utoto wake. Nitaongeza hili tu: mtoto atungaye kitendawili hujifunza zaidi ya ajibuye. Mwambieni atunge juu ya kufuli, au juu ya kizingiti, na hapana budi alichungulie neno hilo na maneno yaliyo jirani nalo: bawaba, komeo, miimo. Na jawabu liandikwe, lisisemwe kwa mdomo tu.

Wenye maduka wameleta Scrabble, mchezo wa vibao vya herufi uliobuniwa Marekani na Alfred Butts, msanifu majengo, katika miaka ya 1930. Yeye alizihesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza ili ajue ni zipi zitumikazo sana. Ndiyo maana kati ya vibao 100 mna E 12 na A 9, tena mna Q na X. Mchezo ni mzuri, lakini mkiununua kwa ajili ya Kiswahili mtaishiwa na A kabla chai haijapoa, na Q itabaki mkononi mwa mtu kama deni. Afadhali mtengeneze wenyewe. Wapeni watoto ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili wahesabu herufi kama Butts alivyofanya. Wataona A imezishinda zote, na kwamba C haitembei ila na H. Kisha wakate vibao vyao katika makasha ya sabuni kwa hesabu waliyoipata. Kazi hiyo ya kuhesabu ni somo tosha, hata kama mchezo wenyewe haukuchezwa. Na mafumbo ya miraba, ambayo Arthur Wynne aliyachapisha katika gazeti la New York mwaka 1913, hufaa vile vile, ila kwa watoto wadogo mraba mmoja utiwe silabi nzima badala ya herufi.

Niliulizwa na mmoja wenu mlangoni kama michezo ya kadi na vibao si kamari. Kamari ni dau, na hapa hapana dau. Msiwekeane fedha, wala peremende. Nasema peremende kwa makusudi, kwa kuwa mtoto achezaye kwa ajili ya peremende huacha maneno siku peremende iishapo.

Sasa niseme juu ya kukumbuka, maana mtoto aweza kucheka leo akasahau kesho. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu ya nafsi yake, akijifunza silabi zisizo na maana na kupima jinsi zilivyomtoroka. Aliona kwamba tusahauyo husahaulika zaidi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko kurudia kwingi kwa siku moja. Masheikh walio hapa wanatabasamu, kwa sababu kila aliyehifadhi Kurani ajua kwamba sura isiyofanyiwa muraja'a hutoroka. Basi ni ajabu kwamba sisi wenye desturi ya muraja'a twampa mtoto maneno 20 usiku wa kuamkia mtihani.

Fanyeni hivi. Chukueni kasha refu, ligawanyeni vyumba vitatu. Njia hii ilienezwa na Sebastian Leitner kwa kitabu chake cha Kijerumani cha mwaka 1972, naye alitumia vyumba zaidi, lakini vitatu vyatosha kwa nyumba yenye watoto wengi. Kila neno liandikwe juu ya kadi. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na huulizwa kila siku. Mtoto akiliandika neno sawasawa pasipo kulitazama, kadi huhamia chumba cha pili, ambacho hufunguliwa kila siku ya tatu. Akipata tena, huenda cha tatu, ambacho hufunguliwa mara moja kwa wiki, Ijumaa mathalani. Akikosea, kadi hurudi nyumbani, chumba cha kwanza. Watoto huona kana kwamba kadi zinasafiri, na mmoja huzipa majina ya miji: Bujumbura, Kigoma, Unguja. Siri yake ni katika maneno haya, "pasipo kulitazama". Kunakili neno mara kumi ni kazi ya mkono, akili imelala. Atazame, afunike, aandike, kisha afunue alinganishe mwenyewe. Maneno matano kwa siku, robo ya saa, baina ya magharibi na isha, hayamchoshi mtu.

Na alipokosea tumwambie nini? Chukueni huyo wa "zahabu". Neno lina silabi tatu, naye amepata mbili. Na katika ile ya tatu amepata irabu. Kosa lake ni la mahali pamoja tu. Mwambieni, "Umekosea mahali pamoja, patafute." Mara nyingi atapaona. Msiandike neno zima upya kwa wino mwekundu juu ya kichwa chake kana kwamba hakuna alilolipata. Na katika insha, pigieni mstari neno gumu alilothubutu kulitumia, hata kama ameliandika vibaya, mkaandike pembeni: "Neno zuri." Kulirekebisha ni kazi ya kesho, kwa kadi, kasha likifunguliwa.

Simu za mkononi sitazitukana, kwa kuwa nami ninayo. Vijana huandika "xaxa" kwa "sasa" wakijua wafanyavyo, na huo ni utani wao. Ninayeogopa ni yule mdogo ambaye simu humsahihishia maneno kwa Kifaransa au Kiingereza, akaandika jambo la Kiswahili na simu ikaligeuza, naye akadhani simu ndiyo ijuayo. Kwa mtoto wa namna hiyo kalamu na karatasi kwanza.

Ndugu zangu, tangu mwaka 2021 UNESCO imeiweka tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka ujao siku hiyo naomba tusitoe hotuba. Tuwaweke watoto uani, darasa la nne hapa na darasa la sita pale, wafunge mnyororo mmoja wa maneno tangu asubuhi hadi adhuhuri, wakiandika ukutani kwa chaki, na mabibi wakae kivulini kuamua mabishano. Mwalimu mkuu wa madrasa amekwisha kukubali ukuta utumike, kwa sharti kwamba usafishwe kabla ya sala.

Makasha matupu yaliyokusanywa yamo katika chumba cha nyuma. Akina mama wachukue kwanza, kwa kuwa wao ndio watakaoyatumia. Na kila mtu aje na mkasi wake Jumamosi baada ya alasiri, maana wa madrasa ni mmoja na hauna makali.

Wassalamu alaykum.